Kozi Iliyochekwa Kanisani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wacha niseme mapema. Kuna swali moja ambalo mtu akiniuliza, hata akiwa mgeni amekuja na maandazi, najibu kwa adabu lakini ndani nimenuna: "Na wewe ulisomea nini?" Nilisomea Biashara. Nina digrii, imetundikwa sebuleni kwangu Matisi juu ya televisheni, na kila siku ya kazi natembea mpaka katikati ya mji wa Kitale kufanya hesabu za duka la misumari, mabati na simiti. Kazi si mbaya. Lakini chuo kikuu kiliponiita hakikuniita kusomea Biashara. Kiliniita kusomea udongo, na mimi nilikuwa nimeuomba huo udongo kwa hiari yangu mwenyewe.

Watu husikia hivyo wakacheka. Nimezoea.

Ilianzia shuleni Kimilili, nikiwa kidato cha tatu. Kulikuwa na choo kipya kinachimbwa nyuma ya bweni, na mwalimu wetu wa kilimo, mama mmoja mkali ambaye hakuwa na mchezo, akatutoa darasani akatupanga kando ya lile shimo. Akasema tuchungulie. Wenzangu walikuwa wanalalamika ati viatu vitachafuka. Mimi nikachungulia. Juu kulikuwa na udongo mweusi wenye mizizi, chini yake kahawia, halafu mwekundu, halafu mawe yanayobomoka yenye rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majani ya chai. Mwalimu akasema kila rangi hapo ina habari yake na kuna watu kazi yao ni kuisoma. Sijui kitu gani kiliniingia siku ile. Nilijua tu kwamba nataka kuwa mmoja wa hao watu.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Matulo, nikachukua jembe la baba na kuanza kuchimba nyuma ya jikoni ili nione kama na sisi tuna zile rangi. Sasa, kwetu hapo, shimo halichimbwi nyumbani bila sababu. Ukichimba, majirani wanaanza kuhesabu wagonjwa wenu. Mama yangu akatoka na mwiko mkononi akasimama juu yangu.

"Hiyo ni kaburi ya nani?"

"Si kaburi, Mama. Naangalia udongo."

"Unaangalia udongo kwani umepotea? Fukia hiyo kitu kabla baba yako arudi."

Nilikuwa ndio nimefika kwenye udongo mwekundu. Nikafukia, nikakanyagakanyaga juu, nikarudisha jembe mahali pake. Mama yangu hakumwambia baba, na mimi nikafikiri mambo yameishia hapo.

Mtihani wa mwisho niliupita vizuri. Wakati wa kuchagua kozi niliweka udongo mahali pa kwanza, na baba hakuniuliza kitu. Kwake, mtu akiitwa chuo kikuu ameitwa tu, kama mtu anavyoitwa mbinguni, huulizi ataenda kukaa chumba kipi. Kwa hiyo barua ya kuitwa ilipokuja alifurahi sana akachinja jogoo. Aliniita mama siku nzima. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la marehemu mamake, na akiwa na furaha hulivuta kidogo.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliniharibia.

Kanisani kwetu kuna desturi. Watoto walioitwa chuo kikuu wanatolewa mbele, wanajipanga chini ya madhabahu, na kila mmoja anataja kozi yake kwenye maikrofoni ndipo waombewe. Makofi yanapigwa kulingana na kozi. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini kila mtu anajua. Kijana wa kwanza alisema udaktari, akina mama wakapiga vigelegele mpaka mtoto mchanga akaamka. Wa pili akasema sheria. Wazee wakasimama. Wa tatu alikuwa ameitwa ualimu, akapigiwa makofi ya kawaida, ya heshima. Halafu mimi. Nikataja kozi yangu kwa Kiingereza, kwa sauti, maana nilikuwa najivunia. Makofi hayakuja. Mchungaji akaona wazee hawajaelewa akawasaidia.

"Huyu binti anaenda kusomea mchanga."

Kanisa lote likacheka. Si kicheko kibaya, nisiwasingizie watu. Kilikuwa kicheko cha watu wanaojuana. Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Si angebaki tu hapa, mchanga iko mingi," wakacheka tena. Mimi nilicheka nao. Lakini nilimwona baba. Alikuwa amevaa koti lake la matanga na mikutano ya shule, amekaa wima, anatazama viatu vyake.

Tukarudi nyumbani. Jioni baba akanywa chai yake akaweka kikombe chini. "Mimi sina shida na mchanga," akasema. "Lakini watu wamecheka."

Dirisha la kubadilisha kozi lilikuwa bado wazi. Siku iliyofuata akanipeleka Bungoma, kwenye saiba moja, duka la intaneti karibu na msikiti, akiwa na koti lile lile. Dada wa saiba akafungua kompyuta akatusomea kozi ambazo pointi zangu zingeweza kufikia. Uuguzi. Takwimu. Utalii. Mipango ya Miji. Sayansi ya Chakula. Sosholojia. Baba alikuwa anasikiliza kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni, na kila kozi alikuwa na swali moja tu.

"Hiyo mtu akimaliza anaitwa nani?"

Nesi, alisema huyo anapata shida sana na kazi za usiku. Takwimu, dada wa saiba mwenyewe hakujua mtu anaitwaje. Mpishi alimkataa kabla hajamaliza kuelezwa kwamba Sayansi ya Chakula si upishi. Halafu dada akasema Biashara.

"Huyo anaitwa nani?"

"Huyo ni meneja, mzee."

"Hapo," baba akasema. "Weka hapo."

Nikamwambia, "Baba, mimi nataka ile ya kwanza." Nilisema mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa ukali, na ya pili ilinitoka kwa sauti watu wakageuka. Nilimweleza habari za rangi, za mwalimu, za kwamba kuna watu wanaousoma udongo kama gazeti. Yeye hakukasirika. Alinishika bega.

"Mama, nimelima tangu nizaliwe. Nikupeleke chuo kikuu ukajifunze hii kitu iko chini ya miguu yangu?"

Dada wa saiba akanipa karatasi ya kujipangusa machozi, akabonyeza.

Chuoni nilisoma nilichopangiwa. Uhasibu, masoko, takwimu ambazo sasa nilizipata bila kuziomba, falsafa ya lazima, ufundi wa mawasiliano. Sikufeli. Lakini niliyekaa naye chumba kimoja bwenini alikuwa anasomea udongo, na viatu vyake vya matope vilikuwa vinalala chini ya kitanda chake karibu na kichwa changu. Nilimwonea wivu mchungu. Siku nyingine nilidandia masomo yao, nikakaa nyuma kabisa. Ndipo nikajifunza kulowesha udongo kidogo na kuuvuta kati ya kidole gumba na cha shahada nione unakatika wapi. Nikajifunza kwamba ukitaka kupima shamba huchukui udongo mahali pamoja, unazungukazunguka shambani ukichota kidogo hapa na pale, unachanganya kwenye ndoo safi. Halafu mhadhiri akaanza kuita majina, na jina langu halikuwapo. Nikaacha kwenda.

Nikamaliza, nikaajiriwa, nikaolewa, nikahamia Matisi. Umeneja bado nausubiri. Baba huwaambia watu mimi ni meneja na sijawahi kumsahihisha.

Sasa kuna shamba letu la chini, lile linalopakana na kijito. Hilo ndilo lililotulisha sote. Shamba la juu lilikuwa la mboga na maneno mengi, lakini mahindi ya kula mwaka mzima yalitoka chini. Miaka ya karibuni likaanza kukataa. Mahindi yanaota, yanafika kiunoni, yanageuka rangi ya zambarau pembeni mwa majani, yanasimama hapo. Baba akaongeza mbolea, ile ile ya kila mwaka. Likakataa zaidi. Watu wakamwambia kuna aliyelitazama kwa jicho baya. Mama yangu akaanza kununua unga dukani, kitu ambacho sijawahi kuona kwetu, na mwaka huu baba akasema atapanda mikaratusi aachane nalo. Mtu akipanda mikaratusi shambani ameshakata tamaa ya kula kutoka hapo.

Akanipigia simu. "Mama, wewe ni msomi. Hii mchanga iko na nini?"

Nilikuwa dukani nimeshika kalamu. Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Ningekuwa nimesomea ile ya kwanza, ningejua. Jioni nikampigia, nikamwambia asipande kitu bado, achukue ndoo safi, azunguke shamba lote akichota kidogo kidogo, achanganye, aniletee Kitale, kuna mahali wanapima.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Niliibia mahali," nikasema.

Alikuja na udongo kwenye mfuko wa unga, amevaa koti. Nikampeleka kwenye duka la pembejeo lenye chumba kidogo cha kupimia huko nyuma. Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa rika langu, ana koti jeupe na matope kwenye viatu. Nilivitazama hivyo viatu zaidi kuliko nilivyomtazama yeye. Akapima, akamweleza baba taratibu kwamba udongo wake umejaa asidi, kwamba mbolea ile ile kila mwaka imechangia, kwamba shamba halijafa. Linataka chokaa ya shambani, na subira. Hakuna jicho la mtu hapo.

Baba alikuwa ametoa kofia. Mwanamke akamwuliza, "Lakini mzee, wengi wananiletea udongo wa shimo moja. Wewe umechanganya vizuri. Nani alikufundisha?"

"Huyu," akasema, akinionyesha.

"Kumbe. Amesomea udongo?"

Baba aliigeuza kofia mkononi, upande huu na upande huu.

"Hapana," akasema. "Alisomea ile mimi nilitaka."

Yule mwanamke akatabasamu. Alidhani mzee anajigamba.

Tulinunua chokaa ya kujaribia, mfuko mmoja, tukautafutia mkokoteni mpaka stendi. Baba alikuwa anatembea pembeni ameweka mkono juu ya mfuko kana kwamba utaanguka. Karibu na stendi akasimama.

"Ile shimo ya nyuma ya jikoni," akasema. "Niliiona. Niliona udongo nyekundu iko juu na nyasi imekanyagwa, nikajua ni wewe. Sikutaka kuuliza. Ulikuwa unatafuta nini?"

Sikujua kwamba alijua. Nikamwambia sikuwa natafuta kitu, nilikuwa naangalia rangi, na mama alikuja nikiwa ndio nimefikia nyekundu.

"Si ungeniambia."

Hasira yangu ilipanda yote, ya miaka yote. Nikamtazama. Amezeeka, baba yangu. Ana chokaa kwenye mkono wa koti lake la matanga.

"Nilikuambia, Baba," nikasema.

Tukaupandisha mfuko kwenye gari la Webuye, akakaa dirishani, na koti hakulipangusa.