Kitufe cha Kusindikiza pale Kasongo

Saa moja asubuhi, benchi la kibaraza limeshajaa vitenge. Rachelle anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kilemba chake, anachomeka waya wa betri ya jua, kisha anamwita mama wa kwanza. Jina, kijiji, miezi ya mimba. Vidole vinaandika, macho yanabaki kwa mgeni.

Akimaliza anabonyeza kitufe chini ya fomu na kuipitisha kompyuta kwenye tundu la ukuta wa mbao. Upande wa pili muuguzi Placide anaipokea kwa mikono miwili, kama sahani ya moto. Fomu yake inafunguka na habari zote za mgeni zimo ndani. Kitufe hicho hakikuandikwa "Endelea". Kimeandikwa "Sindikiza".

Hiki ni kituo kidogo cha wazazi nyuma ya soko la Kasongo, na kompyuta yake ni hiyo moja tu. Rachelle, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, ndiye mpokezi wake. Programu aliitengeneza mwenyewe, polepole, baada ya kazi za nyumbani.

Mwandishi huyu alitegemea kusikia habari za kompyuta. Akasikia habari za mkono wa mama mmoja.

Rachelle alizaliwa Kabambare. Akiwa mtoto alifika hapa na mama yake, aliyekuwa mjamzito, juu ya baiskeli ya kusukuma, kwa sababu mvua ilikuwa imeila barabara. Mlangoni walipokewa na Émérance, mpokezi wa miaka hiyo, mwanamke mwenye sauti ya kwaya na viatu vya plastiki. Kompyuta haikuwapo. Kulikuwa na kadi, na kulikuwa na Émérance.

"Alimushika mama mukono," anakumbuka Rachelle. "Akamupeleka mpaka kwa muganga, akasema: huyu ni mama Rachelle, anatoka Kabambare, damu yake iko kidogo, musimuache kwenye jua. Mama hakusema kitu mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake, nikaona tumefika kwa watu."

Anaposimulia hayo machozi yanamlengalenga, wala hayafichi. Siku zile, anasema, mgeni hakutembea peke yake ndani ya nyumba ya watu.

Magoti ya Émérance yalipochoka, Rachelle akachukua kiti chake, na baadaye ikaja kompyuta. Mama Émérance alistaafu, lakini hakwenda nyumbani. Kila asubuhi alirudi kukaa kwenye benchi karibu na pazia la Placide, akimenya karanga. Watu walidhani amezoea tu. Mazoea yana taabu, ndiyo, lakini hayakuwa mazoea.

Programu ya kwanza ilikuwa na fomu mbili: ya mapokezi na ya matibabu. Kila moja ilifanya kazi vizuri, ila hazikufahamiana. Ya kwanza ikifungwa, ya pili ilizaliwa tupu, na Placide alilazimika kuuliza jina upya ili amtafute mgeni. Rachelle hakuona ubaya, kwani mtu ataulizwa jina, atajibu lile lile.

Lakini si kwetu. Mezani kwa Rachelle mwanamke husema jina la kadi. Akishaketi mbele ya muuguzi, hasa muuguzi mwanamume, hujibu kwa heshima aliyopewa na uzazi: mama wa fulani. Kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Ndivyo ilivyompata Marie-Louise, mkulima wa Kabambare, alipokuja msimu wa mvua uliopita na homa na jipu la titi. Alimweleza Rachelle kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumvimbisha uso mpaka akakosa pumzi. Rachelle akaandika. Kompyuta ikapita tunduni, maneno yakabaki nyuma. Placide alipouliza jina, alijibiwa "Mama Héritier". Fomu ikasema ni mgeni mpya asiye na historia. Akauliza kama kuna neno jingine la kumwambia. Marie-Louise akatikisa kichwa.

Baadaye walimuuliza kwa nini alinyamaza. Jibu lake Rachelle analijua kwa moyo: "Nilishasema pale mulangoni. Kwetu ukisema mulangoni, nyumba yote imesikia."

Placide alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, bila haraka: "Placide, weka chini. Huyu ni Marie-Louise. Hiyo dawa itamuua." Alikuwa Mama Émérance, ambaye kutoka benchini kwake alikuwa amesikia kila neno la mapokezi.

Marie-Louise alipona kwa dawa nyingine. Placide alimwambia Rachelle kwa upole kwamba mashine hiyo isipojifunza kukabidhi mtu, itarudi mkobani na watarejea kwenye kadi. Kilichomuuma Rachelle ni kuelewa kwa nini mama yule mzee hakuwahi kwenda nyumbani.

Akaibomoa programu. Sasa fomu ya kwanza, kabla ya kufungwa, inamkabidhi mgeni mzima kwa ya pili: jina la kadi, jina la uzazi, kijiji, na onyo la dawa kwa maandishi mekundu. Ya pili haifunguki ikiwa haijakabidhiwa mtu. "Niliandika tu kile Mama Émérance alikuwa anafanya," anasema.

Mama Émérance alitaka kuijaribu mwenyewe. Alijikongoja hadi mezani, akasema jina lake na ugonjwa wake, akaona kitufe kikibonyezwa, kisha akazunguka pazia kwa mwendo wake wa kobe. Placide hakumuuliza kitu. Alisoma, akainua uso.

"Karibu, Mama Émérance. Magoti tena?"

Mama yule aliketi kwenye kiti cha mgonjwa. Kisha akasema, "Basi, sasa naweza kubakia nyumbani."

Tangu hapo hajarudi benchini, ila Jumapili hupita kusalimia baada ya misa. Rachelle anakiri kwamba asubuhi bado anaitazama nafasi yake karibu na pazia, na bado anafagia maganda ya karanga ambayo hayapo.

Kiangazi kikifika na pikipiki zikaweza kupita, anataka kupeleka programu hiyo kwenye kituo cha afya cha kijiji chao, Kabambare. Betri ya jua ameshaahidiwa na ndugu wa kanisani. Mama yake bado anaishi huko, na siku hizi anasahau maneno.

"Akifika pale," anasema Rachelle, akimwita mama anayefuata kwa mkono, "aseme mara moja tu. Hata akisahau akiwa njiani kwa muganga, wale wa ndani wawe wanajua huyu ni mama Rachelle."