Birika Moja la Mama

Sijamsamehe shefu wa avenyu yetu, yule mkuu wa mtaa, na siandiki haya ili nimsamehe.

Mwaka ule mto ulikuwa palepale, hatua chache kutoka kwetu Makiso, lakini mabomba yalitoa maji asubuhi mbili tu kwa wiki. Ikaja amri ya kubana maji: hakuna kuosha pikipiki, hakuna kumwagilia bustani, na atakayevunja amri robine ya bomba lake inafungwa kwa waya. Shefu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyepewa waya na koleo. Tangu hapo ungedhani kapewa jiji zima.

Siku moja alimkuta mama yangu anatawadha uani.

"Mama, mara tano kila siku iko gaspillage, kumwaga maji bure. Birika moja, basi. Ukipitisha, nafunga."

Tangu siku ile, birika likiisha, mama alipiga viganja kwenye udongo mkavu akajipaka usoni, kama dini inavyomruhusu aliyekosa maji. Mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, vumbi kwenye nyusi! Nilimchukia yule mtu hadi chakula kikanishinda.

Nikaanza kumchunguza. Matembele ya nyuma ya nyumba yake yalikuwa mabichi mno kwa jua lile. Asubuhi moja ya maji nikapanda juu ya pipa, nikachungulia ukutani: mpira wa maji umelazwa kati ya matuta, maji yanatiririka. Nilifunga mdomo mpaka asubuhi ya maji iliyofuata, avenyu yote ilipokuwa nje inakinga maji, kisha nikawaita waje waone mboga za shefu. Walifunga robine yake kwa waya wake na koleo lake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata leo nikikumbuka nacheka.

Siku ya tatu akabisha kwetu na bidoni tupu ya kutekea maji.

"Ma fille, binti yangu, utusaidie kidogo. Batoto iko na kiu."

Nilijaza birika la mama, nikalimimina ndani ya bidoni yake.

"Moja, papa shefu. Basi. Ingine itakuwa gaspillage."

Maneno yale yalikuwa matamu mdomoni. Sikujua mama amesimama nyuma yangu. Alichukua bidoni yetu ya mwisho, akaimimina yote katika ile ya shefu, akamsindikiza hadi mlangoni.

Adhana ya alasiri ikalia. Mama akapiga magoti, akapiga viganja kwenye udongo, akajipaka uso. Nilimnyooshea mkono nimsaidie kuinuka. Akaegemea ukuta, akainuka mwenyewe.