Kitanda cha Mkwe Ndani ya Gari

Kuanzia Mundika hadi Malaba hakuna fundi wa spika ananifikia, na shule niliiacha mapema. Ndiyo maana niliitwa Jumatatu, jamaa mmoja akimaliza kugeuza gari lake kuukuu kuwa chumba. Alikuwa amefunga kitanda cha mbao, akakata tundu kwa paa akaweka feni, na mimi nikamfungia spika za nyimbo za kanisa. Yote ni ya mama mkwe wake, mgonjwa wa mgongo, apelekwe hospitali Eldoret akiwa amelala.

Mama alitoka akishikwa na bintiye, mke wa jamaa, akachungulia ndani. Hakumtazama mkwe wake, maana kwao mama mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana. Alimuuliza binti, "Hapo pamelala nani?"

Jamaa akajibu kwa fahari, "Ni mimi, mama. Juzi nilijilaza nikijaribu feni."

Mama akarudi nyuma. "Mwambie ni mwiko, siwezi kulala kwa kitanda cha mkwe wangu. Afadhali niumwe."

Nilitaka kumcheka. Boss, unalalia kitanda halafu unamkaribisha mama mkwe? Lakini jamaa hakubishana. Alichukua spana, akang'oa kitanda alichokijenga mwezi mzima, akakimbia sokoni kununua godoro jipya, akalitandika sakafuni.

Wajuaji wa mjini mtasema ni ushamba. Mimi, mjuaji mkuu, nilirudi kukaza waya za spika zangu.

Mama akapanda, akalala, feni ikazunguka. Akamwambia binti, "Mwambie hewa ni nzuri."

Jamaa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alingoja mke wake amwambie, ndipo akatabasamu.