Boneti ya Moto Kule Wambaa

Kaa kitako kidogo, maana nasikia unataka kununua gari ya petroli iliyokwisha tumika, nami sitaki uipate kama tulivyoipata sisi. Juzi nilipita Mgogoni, kwenye shamba lililokuwa la bibi, nikasikia wachumaji nisiowajua wakiitana juu ya mikarafuu. Sikusimama.

Utotoni, mikarafuu ile ndiyo iliyotulisha na kutuvisha. Msimu ukifika tulikaa barazani na bibi kila alasiri tukichambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, vidole vikituwasha, nyumba nzima ikinukia, na muhogo wa nazi ukitokota jikoni. Mwaka mmoja bibi akakubali kuiuza mikarafuu yote, ili baba anunue pikapu ya kupelekea mizigo ya watu bandarini Wesha.

Muuzaji alikuwa Wambaa, mtu aliyesoma chuo kimoja na baba. Tulimkuta ametandika jamvi, kahawa na halua tayari. Tulipokwisha kula, akaiwasha pikapu. Ikaitika mara moja, ikatulia. Bibi, ambaye hakujua kitu cha magari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mbona ya moto? Asubuhi yote hii imetoka wapi?"

Muuzaji akacheka, akasema bibi anatafuta pa kukaangia samaki. Baba alitahayari. Kwetu sisi, kula halua ya mtu kisha ukaikagua mali yake ni kama kumwita mwizi mbele ya wanawe. Akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia:

"Mama, usinifedheheshe."

Bibi akaondoa mkono.

Kesho yake tukaiwasha nyumbani, ikiwa imelala baridi. Iligonga kama mchi ndani ya kinu kitupu, na moshi wa buluu ukafunika banda la kuku. Nikueleze sababu. Injini iliyochakaa, ikilala usiku kucha, oili huchuruzika ikaingia mahali petroli inapoungulia. Ukiiwasha, oili hiyo huungua na kutoa moshi ule, kisha injini ikipata moto, vyuma vilivyolegea hutanuka, moshi hupungua na kugonga hutulia. Yule bwana aliiwasha mapema, ikamaliza kukohoa kabla hatujafika.

Jirani yetu kila akituona tukipita na moshi wetu alisema, "Chetezo hicho cha udi chapita. Harusi ya nani leo?" Ramadhani haikufika, injini ikafa kabisa.

Misimu iliyofuata bibi alikwenda kuchambua karafuu za mikarafuu ile ile kwa ujira. Hakumlaumu baba hata siku moja, na baba hakumtaka radhi hata siku moja. Wote wawili wametangulia. Baraza imebomoka, harufu imehamia kwa wengine. Kwangu limebaki lile neno la baba, na mpaka leo sijalisamehe.

Wewe usione haya. Nenda asubuhi mapema bila kumpa muuzaji habari. Ukikuta injini ina moto, rudi siku nyingine. Ukiikuta baridi, mwambie aiwashe, nawe usimame nyuma ya gari utazame moshi.