Dozi Mpya Ilibaki Kisii

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo haijanitoka moyoni, na kwa kuwa nasikia umeajiriwa kutunza seva, keti nikusimulie kabla hujaanza kuringa.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa ndio nimetoka chuoni, nikapata kazi katika hospitali moja ya mjini Kisii iliyokuwa na kliniki mbili za nje, moja Keroka na nyingine Nyamache. Mkuu wangu aliitwa Ombati. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, asiyemdhulumu mtu, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba katika kisa hiki sina hata mtu mbaya wa kumchukia.

Mvua za kwetu unazijua. Mchana zinanyesha, radi inapiga, laini inakatika, na sista wa kliniki aliyetaka kusoma mwongozo wa dawa kutoka Kisii anabaki akitazama kioo kitupu huku mgonjwa analia. Kwa hivyo tukapanga hivi: faili za mwongozo ziwe na asili moja, Kisii, na nakala za kusoma tu ziwekwe Keroka na Nyamache. Laini ikikatika, kliniki itasoma nakala iliyo kwake. Na kwa kuwa ni ya kusoma tu, hakuna mtu wa zamu atakayeichezea. Ulikuwa mpango mzuri. Niliusimamisha kwa mikono yangu na bado nausifu.

Lakini sikiliza, maana hapa ndipo vijana mnapolala. Ukiiambia seva kwamba Nyamache kutakuwa na nakala, hujapeleka kitu bado, umeandika anwani tu. Kinachopeleka ni amri ya pili, ambayo sisi tuliiita kuachilia. Na kila unapobadilisha asili, nakala haziji kukuuliza kuna jipya gani. Zinabaki na yale ya zamani, na zinamwonyesha msomaji kwa uhakika uleule, mpaka uachilie tena. Nakala iliyozeeka haioti mvi, mwanangu. Neno la siri la kuachilia alikuwa nalo Ombati peke yake.

Ijumaa hiyo alasiri daktari wa watoto alileta dozi mpya ya dawa fulani ya sindano wanayodungwa watoto wachanga wakipata maambukizi. Dozi ya zamani ilikuwa kubwa mno kwa wale waliozaliwa kabla ya siku zao, na dawa hiyo ikizidi huharibu masikio. Nikaingiza dozi mpya kwenye asili, daktari akaikagua, nami nikaenda mbio kwa Ombati aiachilie.

Nikamkuta anafunga mkoba. Kwetu sisi Wasabato, Ijumaa jua likielekea kuzama, chakula kimeshapikwa, nguo zimeshafuliwa na kupigwa pasi, na mwenye kazi ameshaiweka chini. Ombati alikuwa ameongeza sheria yake mwenyewe, kwamba mashine nazo zipumzike. Kuachilia kulichukua muda kwa laini zile za kujikokota, na jua lilikuwa limefika kwenye migomba ya ng'ambo. Sikusimulii haya kuidharau Sabato. Naishika mpaka leo. Lakini nilimwambia kwamba jambo hili halingojeki.

Akafungua kompyuta yake, akasoma, kisha akanigeuzia kioo.

"Si hii hapa dozi mpya?" akasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Imeshaingia."

Nikamweleza kuwa anachokiona ni asili, kwa sababu kompyuta yake inafungua faili kwa njia ya waandishi, yaani sisi wenye ruhusa ya kubadilisha. Nyamache wanafungua kwa njia ya wasomaji, na huko bado ni ile ya zamani. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama binti aliyechoka na kazi. Akasema tutaachilia Jumapili asubuhi, na kwamba atazipigia simu kliniki zote mbili kabla jua halijazama. Keroka alipiga, wakapokea. Ya Nyamache haikushika. Mimi pia nilijaribu, haikushika, maana siku hizo mtandao wa kule mtu aliufuata juu kilimani. Jua likazama, kila mtu akaenda kwake.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Jumapili alfajiri, kabla hatujaachilia, stima ikapotea mji mzima. Jenereta ya hospitali ilikuwa ya chumba cha upasuaji, si ya seva. Stima ikarudi Jumanne, Ombati akaachilia, na Nyamache wakapata dozi mpya.

Sasa nikuambie kilichokuwa kimetokea Nyamache. Ijumaa ileile alizaliwa mtoto wa kiume kabla ya siku zake, wakamwita Momanyi. Akashikwa na maambukizi. Sista Kwamboka, muuguzi wa zamu, hakuwa na daktari karibu, akafanya kama alivyofundishwa: akafungua kompyuta, akasoma dozi, akapima, akadunga. Akaendelea hivyo Sabato nzima na siku zilizofuata. Nakala yangu ilifanya kazi yake vizuri sana. Kisii kote giza, laini imekufa, lakini Nyamache walisoma bila shida, kama nilivyowaahidi. Maambukizi yalipona. Masikio hayakupona.

Walikuja kujua baadaye, bibi yake alipoangusha sufuria jikoni na mtoto asishtuke.

Kamati ikaitwa. Wakafungua kompyuta pale Kisii, wakaona dozi sahihi, wakamgeukia Kwamboka kwamba alisoma vibaya. Nikasimama. Nikaeleza habari ya asili na nakala, na ya kuachilia. Mmoja wao akaniuliza kama nasema kompyuta moja ilikuwa na neno hili na nyingine ina lile, kwa mwongozo mmoja, hospitali moja. Nikasema ndiyo. Wakatabasamu. Ombati naye akasema Ijumaa ile aliiona dozi mpya kwa macho yake mwenyewe, na hakuwa akisema uongo, aliamini hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwamboka akaachishwa kazi, akarudi kwa babake kuchuma majani chai, na sijawahi kusikia kwamba alishika sindano tena.

Wa mwisho kuongea alikuwa bibi wa mtoto, mama mzee wa Nyamache aliyekuwa ameketi nyuma na leso yake magotini. Aliongea polepole, Kiswahili chake kimechanganyika na cha nyumbani.

"Mimi nilimpa dada yangu mbegu ya wimbi, aliolewa Nyamira. Nikiona hii yangu iko na ugonjwa, siwezi kukaa nikisema ni sawa, nimetupa yangu. Dada anapanda ile nilimpa mimi. Nitaamka niende Nyamira. Kama ni Sabato, nitaenda na nguo ya kanisa." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi mlijua. Ni nani aliamka?"

Neno hilo lilinipata na mimi, kwa sababu nilikuwa nimesema yote yaliyostahili kusemwa kisha nikaenda nyumbani kula. Mwenyekiti akamshukuru mama kwa busara zake, akaomba tufunge kwa maombi. Tukafunga. Naona uchungu, mwanangu, hata sasa. Waliniambia tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na aliyeumia ni mtoto wa mtu mwingine.

Basi yashike haya. Usiseme umebadilisha kitu wakati umebadilisha asili tu. Mabadiliko hayajafanyika mpaka nakala ya mwisho iachiliwe, na hata hapo usiamini kioo chako, fungua kwa njia ya msomaji, uone anachokiona yeye. Kila nakala iandikwe juu yake siku ilipoachiliwa, ili sista asiye na mtu wa kumuuliza aweze kuitilia shaka. Neno la siri lisikae kwa mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu, maana watakatifu nao huenda nyumbani. Simu isiposhika, tafuta gari, na gari likikosekana, anza kutembea. Watakuambia wewe ni mtoto na unajifanya mjuaji. Waache waseme. Kuwa na haki peke yako, umeketi ofisini Kisii, hakumsaidii mtu aliye Nyamache. Ninajua, nilikuwa na haki.

Juzi nilishuka Keroka kununua ndizi. Momanyi ni mtu mzima sasa, anapakia mikungu kwenye malori kando ya barabara, kijana mwenye nguvu, mchapakazi. Lori moja lilikuwa linarudi nyuma kumwelekea. Nikaita jina lake, nikaita tena kwa nguvu zangu zote. Watu wote wa soko waligeuka isipokuwa yeye. Mwenzake ndiye aliyemvuta mkono.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako na akupe miguu isiyoona uvivu. Unalolijua lifike kabla ya madhara kufika. Na siku utakapomwita mtu kwa jina lake, ageuke.