Walimfukuza Mama Odile kwa sababu dada yangu alikubali kula mkononi mwake

Ti. Ti. Ti.

Kijiko kwenye kikombe cha bati, kabla mtu hajaonekana mlangoni.

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Haya ni ya nyumbani kwetu, sijayatia chumvi.

Dada yangu Béa ni mtu mzima. Haoni, hasemi, na ukimgusa ghafla mwili wake hukakamaa. Ukimlisha kwa haraka, anapaliwa.

Mama Odile, mjane wa mtaa wa Kikula, alikuja kumtunza Béa wakati mama yuko sokoni. Mwanzoni hakumlazimisha kitu. Aligonga kikombe, akakaa karibu, akamwimbia, akangoja. Siku moja Béa alisikia mlio ule, akafungua kinywa mwenyewe.

Mama alilia. Mimi pia, kidogo. Msinicheke.

Kisha kaka yetu mkubwa, Didier, akarudi kutoka machimboni. Huko alikuwa ameokoka, na sasa kila jambo lilikuwa na mchawi wake. Alichukua sahani ya bukari, ndiyo ugali wetu, akamsukumia Béa tonge. Béa akageuza uso.

Mama Odile akapokea sahani. Béa akala yote.

"Mama Odile, mutoto anakatala mukono ya ndugu yake, anapenda ya kwako. Uko na nini mu ile mukono?"

"Bukari, papa. Unataka kuonja?"

Nilicheka. Didier hakucheka.

"Ulimufunga na dawa."

"Papa Didier, minye namungojaka tu. Na weye mungoje, atakula."

Nilimtetea mpaka sauti ikakauka. "Weye unaandikaka hadithi," kaka akaniambia. "Nyamaza."

Mama alitazama sakafu. Nyumba nzima inakula kwa mkono wa Didier.

Leo Béa amebaki mifupa. Wanamwombea kwa kelele, wanamshika kichwa bila kumwambia, anakakamaa, nao wanasema pepo anapigana. Mimi nagonga kikombe. Anasikia, anageukia mlango, anangoja hatua zile. Akigundua ni mimi, anafunga kinywa.

Nilichojifunza ni kichungu: ukimpenda mtu ambaye ndugu zake walichoka kumpenda, utaulizwa umetumia dawa gani.

Wenye ndugu kama Béa, mlifanyaje? Niambieni hapa chini, hata mkinikaripia.

Siku ile Mama Odile aliambiwa na Didier atoke. Alikunja kitenge chake, akakigonga kikombe mara ya mwisho, polepole, ndiyo kwaheri yake, akakiacha mezani.

Béa akasikia. Akafungua kinywa.

Mama Odile akatoka, na Didier akafunga mlango.