Mipira Laini ya Karani Sévère

Katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, hapakuwa na mtu Uvira aliyeyajua magari kwa maneno kumpita Sévère, karani wa teritware, yaani ofisi ya wilaya, na mkazi wa mtaa wa Songo. Nasema kwa maneno, kwa kuwa kwa mikono hakupata kufungua hata skrubu moja. Aliogopa mafuta machafu yasije yakaingia chini ya kucha zake, na kucha zile ndizo zilizokuwa cheti chake cha pili, baada ya kile cha shule ya misioni.

Gari lake, dogo, la rangi ya maziwa, alilipata mwezi wa saba mwaka 1960. Mbelgiji mmoja wa mambo ya pamba, aliyekuwa na magari mawili na haraka kubwa, aliondoka na lile kubwa kuvuka kwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, akamwachia karani lile dogo kwa bei ya kuagana. Lilikuwa limechoka kila mahali isipokuwa chini. Mipira yake minne ilikuwa mipya, yenye meno marefu, kwa maana mwenyewe alilitumia kuzunguka mashamba ya bonde la Ruzizi, ambako barabara ni kokoto, mchanga na vijito visivyo na daraja. Mtu mwingine angeishukuru mipira ile. Sévère alishukuru daftari.

Daftari hilo alilikuta katika kisanduku cha mbele. Mbelgiji alikuwa na desturi ya kushindana Jumapili huko Usumbura, juu ya barabara ya lami, kwa lile gari lake kubwa, na kwa wino wa bluu alikuwa ameandika, siku baada ya siku, mipira gani alilivalisha, upana wake, jante zake, yaani rimu za chuma, na upepo kiasi gani aliotia kabla jua halijapanda. Mwishoni mwa kila ukurasa maneno yalikuwa karibu yale yale: mipira laini, mipana, jante nyepesi, upepo mwingi. Sévère alilisoma kama tulivyosomeshwa katekisimu, swali na jibu, hadi likamkaa kichwani lote. Ungemkuta mlangoni mwa kanisa, ungemwuliza habari za mtoto wake Agathe aliyekuwa na surua, naye angekujibu upana wa jante.

Tusimcheke peke yake, maana makarani wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Wazungu walipoondoka waliacha viti, makabati na Jumapili tupu, na makarani, ambao sasa waliitwa mashefu, waliona ni wajibu wao kuvijaza vyote vitatu. Walikuwa na nyumba yao ya kukutania, waliyoiita Serkli, ambamo mtu asiye na cheti cha shule hakuketi. Humo ndimo walimoamua kwamba Uvira nayo itakuwa na siku zake za mashindano. Walichagua uwanda wa Kavimvira, wakasimamisha mapipa mawili, moja karibu na barabara na jingine karibu na ziwa, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya pili, magari matano au sita yaliyazunguka mapipa yale mbele ya mji mzima uliovaa nguo safi. Mwalimu Thaddée, mwenye saa iliyosimama na kwenda kwa kubonyezwa, alitaja muda wa kila mmoja kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Jumatatu asubuhi magari yale yale, yenye vumbi lile lile, yalisimama mbele ya ofisi. Nakiri kwamba ilipendeza. Sijaona tena Jumapili kama zile.

Lakini gari la Sévère lilikuwa na kazi nyingine. Kila Jumamosi lilipakia magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, ya mke wake, Florentine, likayapeleka soko la Sange, likarudi na mihogo na maharage yaliyoshuka kutoka milima ya Bijombo. Mshahara wa karani katika miaka ile ulikuja kama mgeni, mwezi huu ndiyo, miezi miwili hapana. Nyumba ile ililishwa na ndagala, na ndagala walibebwa na meno ya mipira ile minne. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu Songo, isipokuwa mwenye gari.

Mwaka 1963 tarehe thelathini ya mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, iliangukia Jumapili. Serkli ikatangaza mashindano makubwa. Sévère, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kupita nafasi ya tatu, alifungua daftari na kuhitimisha kwamba kosa halikuwa lake.

“Mama Agathe,” akamwambia mke wake mezani, “mipira yetu inanirudisha nyuma.”

“Iko na shida gani?”

“Haina shida. Ni mipira ya shamba.”

“Na sisi tunakula nini, Baba Agathe? Si shamba?”

“Wewe unasema mambo ya tumbo. Mimi nasema mambo ya kasi.”

“Sawa,” akasema Florentine, akiondoa sahani iliyokuwa bado na ugali. “Basi kula kasi.”

Ile mipira ya daftari haikuwa mbali. Fundi Félicien wa mtaa wa Kasenga, aliyewahi kufanya kazi katika gereji ambako Mbelgiji alilaza vitu vyake, alikuwa ameirithi yote minne pamoja na jante zake zinazong'aa, akalivalisha gari lake mwenyewe. Félicien hakuwa na cheti, kwa hiyo hakuwa na kiti katika Serkli. Walimruhusu kushindana, maana mtu lazima awepo wa kutengeneza magari yanapokufa, ila vinywaji alipewa nje, kupitia dirishani. Alikuwa amekwenda Sange mara mbili na mipira ile, na mara mbili wanawake wa soko walimsukuma kutoka kwenye mchanga. Sévère alipofika na daftari mkononi, Félicien alifuta mikono yake polepole, asionyeshe furaha.

“Bwana Shefu, weye unataka hii? Hii ya mashindano yenyewe?”

“Nimesoma habari zake zote.”

“Ee, kama imeandikwa, minye nitabisha nini? Lakini iko inaniuma kuiachilia. Utanipa ile yako ya meno? Haifai kitu, lakini nitafanya nini, gari haliwezi kutembea uchi.”

“Utaipata yote minne.”

“Shefu, iko na macho ya kuchagua,” akasema Félicien, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi bila kudai malipo.

Mipira laini ilikuwa mipana mno kwa gari dogo. Ilipogeuzwa ilisugua bati linalofunika magurudumu, kwa hiyo bati likapigwa nyundo hadi likafura pande zote mbili kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Gari lilikaa chini zaidi, tumbo lake karibu na ardhi. Sévère akatia upepo kama daftari lilivyoamuru, mpaka mipira ikalia kama ngoma ilipogongwa kwa kidole. Kisha akaijaribu. Aliijaribu mbele ya ofisi, kwenye kipande pekee kigumu cha barabara katika mji wetu, chenye urefu wa kutosha kwa mtu kusema Baba Yetu bila haraka. Huko ilikwenda kwa uzuri wa ajabu. Alirudi nyumbani ameridhika kabisa. Kwenda kutazama ardhi ya Kavimvira hakuona haja. Alikuwa ameishaizunguka miaka miwili, na daftari halikuitaja.

Jumapili ikafika. Ilikuwa katikati ya kiangazi, majani makavu, uwanda wote umekuwa unga mwekundu, na kuzunguka pipa la ziwani upepo ulikuwa umelundika mchanga mwepesi usioshika unyayo. Sévère alivaa glavu. Florentine alisimama na wanawake wengine, mikono kifuani. Magunia kumi na mawili yalikuwa yanamngoja ufukweni, ya kupelekwa Sange Jumamosi iliyofuata.

Bendera ikashuka, na lazima nimpe haki yake: aliwaacha wote. Kutoka pipa la barabarani hadi karibu na ziwa, gari lile la mashavu lilitangulia, na wenzake wa Serkli wakapiga kelele kama waliopewa vyeo. Kisha akageuza usukani. Usukani ukageuka, gari halikugeuka. Liliendelea mbele kwa adabu, kwa ubavu, likapita pipa, likaingia mchangani, na Sévère, aliyejua kwamba anayepungukiwa na kasi huongeza moto, akaongeza moto. Mipira laini ikazunguka mahali pamoja, ikachimba, ikashuka. Alipoachia, gari lilikuwa limelala juu ya tumbo, na magurudumu yake manne yalikuwa yamejizika yenyewe bila kusaidiwa na mtu.

Mizunguko ilikuwa mitano. Katika minne iliyobaki Félicien akapita karibu naye mara nne, juu ya mipira yenye meno, akipunguza mwendo kila mara ili asalimie.

“Shefu, habari ya asubuhi!”

Mara ya pili: “Shefu, unangoja nani hapo? Nimwite?”

Mara ya tatu: “Shefu, tafuta ukurasa!”

Mara ya nne alikuwa akicheka tu. Mwalimu Thaddée akatangaza muda wa Félicien, mdogo kuliko wote tangu mapipa yasimamishwe, akatangaza wa pili, wa tatu na wa nne, akaitazama saa yake, akalitazama ziwa, na kwa huruma akaifunga. Watu kumi wakalitoa gari. Sévère alisimama kando, glavu mkononi, akawaeleza waliokuwa wakisukuma kwamba mchanga haukuandikwa.

Jumatatu Florentine alizungumza.

“Nenda kwa Félicien, Baba Agathe. Mwombe mipira. Jumamosi ndagala watakuwa wameanza kuoza.”

Alikwenda, maana hata yeye aliyanusa magunia. Félicien alimpokea vizuri, akampa kigoda.

“Nitairudisha. Minye nina shemeji Bujumbura, ataniletea mingine ile inayovuka bila kuaga watu wa duane, wale wa ushuru mpakani. Sitaki kitu kwako. Nataka neno moja tu. Utaniingiza ndani ya Serkli, nitakaa kwenye kiti, na mbele ya mashefu wote utasema: nilichagua vibaya.”

“Njia ilikuwa mbaya.”

“Hapana, Shefu. Njia iko vile vile toka babu zetu. Sema: nilichagua vibaya.”

Sévère alizikagua kucha zake moja moja. Mtu huyu alikuwa amejifunza kusema makosa yake kila Jumamosi tangu akiwa na miaka saba, amepiga magoti na kutamka kwa sauti mambo mazito kuliko mpira wa gari. Lakini yale aliyasema nyuma ya wavu, kwa padri asiyecheka. Akasimama, akashukuru kwa kigoda, akaenda zake mikono mitupu.

Siku ya Alhamisi jioni, makarani walipokuwa wamekaa na chupa zao, Florentine aliingia Serkli. Mwanamke hakuingia mle, na fundi asiye na cheti hakuingia pia. Wao waliingia wote wawili, yeye mbele, Félicien nyuma akiwa amevaa kaptula safi. Florentine akavuta kiti, akamwambia Félicien, “Kaa.” Félicien akakaa. Sévère alikuwa pembeni kwenye meza ya karata.

“Mashefu, jioni njema,” akasema Florentine. “Bwana wangu alichagua vibaya. Alitoa mipira inayotulisha, akachukua mipira ya kutazamwa. Ameshindwa kulisema, nimelisema minye. Kazi yangu imekwisha.”

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila karani mle ndani alihesabu kimya kimya vitu vya Mbelgiji alivyokuwa navyo nyumbani kwake. Félicien akaagiza pombe, na kwa mara ya kwanza ikaletwa hadi mezani.

Ijumaa asubuhi gari lilivalishwa meno yake, na Jumamosi magunia yakafika Sange, yananuka kidogo, yakanunuliwa. Aliyeendesha alikuwa Pontien, kaka yake Florentine. Mwenye gari alikuwa amesema hatakaa juu ya mipira iliyoombwa na mwanamke mbele za watu, na neno hilo, tofauti na lile jingine, hakupata shida kulitamka. Toka siku hiyo alikwenda ofisini kwa miguu. Alipita Kasenga macho chini, hatua za haraka, kofia imeshushwa, asimsalimie mtu, na magari ya wenzake yalipompita aligeuka kutazama ukuta kana kwamba kuna tangazo. Miezi kumi ilipita hivyo. Florentine alimwekea chakula, akamfulia, akamwacha atembee.

Mwezi wa tano mwaka 1964 wapiganaji wa uasi walishuka mlimani wakauchukua mji. Kabla ya juma kwisha, kila gari lililoweza kwenda lilikuwa lao, la Félicien, yale ya mashefu wote, na lile dogo la rangi ya maziwa pia. Florentine alilia waziwazi uani, kisha akafunga ndagala kwa mafungu madogo ya kichwani, akaenda Sange kwa miguu. Mashefu waliobaki walianza kwenda ofisini kwa miguu, viatu vyao vya ngozi vikijaa vumbi, wakitazama chini.

Katika mji mzima uliojaa hofu, mtu mmoja tu alionekana kupata nafuu. Asubuhi moja Sévère alitokea barabara ya Kasenga, kofia juu, akitembea taratibu katikati ya njia, akasimama mbele ya Mwalimu Thaddée, akamshika mkono kwa furaha ya kweli, akamwuliza habari za nyumbani.